Kabla ya sindano, vidole vitangulie

Katika vituo vya afya vinavyopokea wakimbizi wa vita Kivu ya Kaskazini na Kusini, kuna jambo linalofukuza akina mama kimyakimya: mtoto kuchomwa sindano mara tatu, mara nne, na mshipa haujapatikana. Mama anambeba mwanawe na kuondoka. Kipindupindu nacho hakingoji.

Watu husema mtoto ana “mishipa mibaya”. Lakini mara nyingi tatizo huanza kabla ya sindano. Muuguzi mwenye haraka hutafuta mshipa kwa macho tu. Kwenye ngozi nyeusi, usiku, kwa mwanga wa tochi, macho hayatoshi. Hapo vidole ndivyo vinavyoona.

Mshipa mzuri ni laini. Ukibonyezwa unashuka, ukiachwa unarudi juu. Ulio mgumu kama kamba umechoka kwa sindano za zamani, uachwe. Wenye joto na maumivu umevimba, nao uachwe. Unaodunda pamoja na moyo usichomwe kabisa, maana huo ndio unaotoa damu moyoni.

Wauguzi watajibu kwamba foleni ni ndefu na wao ni wachache. Ni kweli. Lakini kupapasa hakuchukui hata dakika moja, na kuchoma mara nne kunachukua muda zaidi, tena kunaharibu mishipa ambayo mtoto ataihitaji kesho. Aliyepoteza maji mengi mishipa yake hunywea, kwa hiyo kila mshipa uliobaki ni mali. Muuguzi akikosa mara mbili, amwite mwenzake mwenye uzoefu. Hiyo si aibu, na kwa mgonjwa aliye hatarini kuchelewa kuita ndiyo hatari.

Wazazi nao wana sehemu yao. Wamwambie muuguzi mkono uliochomwa jana na mahali panapouma. Na mtoto anayeweza kunywa, wasidai atundikiwe serumu. Anyweshwe ile ya kunywa, kidogo kidogo, bila kuacha. Wengi hupona kwa hiyo bila sindano.

Wakuu wa vituo wanaweza kuanza leo bila kungoja msaada: kila muuguzi mpya afundishwe kwanza kupapasa mkono, ndipo apewe sindano. Mama akiona mwanawe ameshikwa kwa utulivu, kesho atarudi.