Wacheni kufungia iSCSI ndani ya kontena

Wasee, leo nakasirisha watu. Kuna hii tabia ya kuweka kila kitu ndani ya kontena. Nginx, sawa. Boti yako ya Telegram, sawa. Lakini programu ya kuunganisha diski ya seva nyingine kupitia mtandao? Hapo mnanipoteza.

Kontena si kompyuta ndogo. Ni bedsita kwa ploti: una mlango wako na kufuli yako, lakini mita ya stima ni moja na iko kwa mwenye ploti. Hiyo mita ndiyo kerneli. Kwa iSCSI, anayebeba data ni kerneli. iscsid kazi yake ni kupanga tu: kuingia, nywila, kurudisha laini ikikatika. Ndiyo maana ukiiweka kwa kontena haishiki mpaka uongeze `--privileged`, halafu `--net=host`, halafu uipe /dev, /sys na /lib/modules za mashine yenyewe. Sasa umebakisha ukuta gani, buda? Umebomoa nyumba na bado unaringa na kufuli.

Mimi hii nimeilipia. Niliacha chuo, kwa hivyo shule yangu ni makosa, na saa zingine anayelipa karo ni mteja. Kulikuwa na studio fulani ya picha. Niliwawekea diski ya Ceph kwa rbd-nbd, ndani ya kontena, nikajiona mjanja. Siku moja mchana nikasasisha hiyo kontena. rbd-nbd ni programu ya kawaida, na kila kitu unachosoma au kuandika kwa hiyo diski kinapitia kwake. Kontena ikafa, nayo ikafa. Diski ilikuwa bado inaonekana pale, lakini ukigusa faili yoyote unapata makosa ya kusoma na kuandika. Picha za harusi, wasee. Za Jumamosi!

iSCSI ni mbaya kwa njia nyingine, na kwangu ndiyo mbaya zaidi, juu inakudanganya. iscsid ikikufa data inaendelea kupita, unalala vizuri. Siku mtandao utayumba ndiyo utajua hakuna mtu wa kurudisha laini. Kwa mipangilio ya kawaida inangoja sekunde 120, kisha makosa yanaanza kumwagikia hifadhidata yako.

Najua mtanijibu, "Mbona Longhorn iko kwa kontena?" Someni masharti yake basi. Inataka open-iscsi iwe kwa kila nodi, kwa mashine yenyewe. Kontena yao inatoka nje na nsenter kuita iscsiadm ya huko. Hata wao wamekubali mita ni ya mwenye ploti.

Siku hizi naiweka kwa mashine, systemd inailinda, kontena inapewa diski ikiwa tayari. Si tamu kwa video, najua.

Ile studio walinilipa nusu. Sikubishana.