Karatasi ya fundi na viatu vya shule

Mezani palikuwa na karatasi mbili. Moja ni orodha ya mahitaji ya binti anayeingia kidato cha pili, nyingine imeandikwa na fundi: oili ya gia, oili ya difu, kimpira kama kitahitajika. Mama wa nyumba hiyo, huko Mafinga, aliisoma ya fundi mara mbili, kisha akauliza kwa nini gari linalowaka vizuri kila asubuhi litengewe hela wakati mtoto hana viatu.

Swali lake si la kubezwa. Lakini pikapu hiyo ndiyo inayolisha nyumba. Huvuta tela la mbao kutoka mashine za kupasulia hadi kwa wateja, na ikilala wiki mbili, hakuna viatu wala ada. Baba naye hakuwa na jibu la maana. Oili ya injini hubadilisha kwa wakati, kama wengi wanavyofanya. Gia na difu aliamini zimefungwa na haziguswi. Miaka minne tangu anunue gari hilo mkononi mwa mtu, hakuwahi kufungua nati hata moja huko chini.

Kwa gari la kwenda sokoni na kanisani, huenda angechelewa kujua kosa lake. Tela hubadilisha hesabu. Uzito wote huo hupandishwa mlimani na meno ya gia na ya difu, yanayosagana yakiwa ndani ya oili. Joto hupanda, oili huungua na kupoteza utelezi, kisha chuma hukutana na chuma. Ndiyo maana vitabu vya magari huweka kuvuta tela kwenye matumizi magumu na kufupisha kilometa za kubadilisha oili. Gari la otomatiki huumizwa na joto hilo zaidi.

Jumamosi fundi alikuja nyumbani. Gari lilizungushwa kidogo ili oili ipate vuguvugu na itoke yote, likasimamishwa pa tambarare, magogo yakawekwa kwenye matairi. Jeki haikuhitajika, pikapu iko juu. Ingehitajika, angeongeza stendi, maana jeki peke yake si ya kumwamini mtu akalala chini ya gari. Binti alishika tochi ya simu.

“Mbona unafungua ya juu kwanza?”

“Hii ni ya kujazia. Nikimwaga halafu hii igome kufunguka, gari la baba yako linalala hapa.”

Oili ya gia ilitoka nyeusi. Ya difu ikatoka na rangi ya chai ya maziwa, na ubishi wa mezani ukaishia hapo. Yalikuwa maji. Kimpira cha kupumulia juu ya difu kilikuwa kimechanika. Difu iliyopata moto mlimani ikiingia ghafla kwenye maji ya mto, hewa iliyo ndani hunywea na kuyavuta maji. Fundi akapangusa sumaku ya nati kwa kidole: uji laini wa kijivu, ambao ni kawaida. Vipande vya chuma vingekuwa habari nyingine. Havikuwapo. Baba alikaa juu ya ndoo, akashusha pumzi.

Muuza duka alikuwa ameshauri oili ya aina moja kwa kila mahali. Binti, aliyekuwa na kitabu cha gari magotini, akasoma kwa sauti: difu GL-5, gia GL-4. Fundi akakubali kwamba mtoto yuko sawa. Dawa kali zilizomo kwenye GL-5 zinaweza kula vyuma vya shaba vilivyo ndani ya baadhi ya gia. Akatumwa mtu dukani kubadilisha. Mpya ya difu ilinuka kama mayai viza, na ilijazwa mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la kujazia.

Kosa kubwa la siku hiyo lilikaribia kutokea pembeni. Oili chafu ilimiminwa kwenye chupa tupu za maji ya kunywa, zikapangwa ukutani, na mdogo wa miaka mitatu akaikumbatia moja. Mama alimnyang'anya. Zote zikamiminwa kwenye dumu, likaandikwa kwa rangi nyekundu na kufungiwa stoo mpaka lipelekwe gereji. Hakuna aliyeruhusiwa kuimwaga shimoni wala bustanini.

Fundi alisema difu imwagwe tena baada ya safari chache, ili kuondoa maji yaliyobaki. Mama ndiye aliyeuliza bei. Akaiandika kwenye daftari la matumizi pamoja na kilometa za siku hiyo, juu ya mchele. Viatu vilinunuliwa Jumatano, kwa hela ya mzigo wa kwanza.