Tshibumba Hakuwa Bubu

Kuna usemi unaonichefua kila ninapousikia: ati mchoraji wa kweli hasemi, picha zake ndizo husema. Aghalabu wanaousema ni watu wanaozungumza wao mchana kutwa.

Mimi nampenda Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi, aliyezaliwa mwaka 1947. Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, akauza picha zake katika miji ya migodi ya Shaba, nao wanunuzi wakazitundika sebuleni. Mnamo 1973 na 1974 alimchorea mtaalamu Johannes Fabian historia ya nchi yake, picha 101, tangu zama za mababu hadi utawala wa Mobutu. Kisha akakaa kitako na kuzieleza moja moja, rekoda ikizunguka. Alijiita mwanahistoria, na historia hiyo aliieleza kwa Kiswahili.

Kwa Kiswahili, ndugu msomaji! Lakini kitabu maarufu cha kazi hiyo kilitoka mwaka 1996 kwa Kiingereza, na wengi wetu tumemjua kwa mlango huo. Maneno yake mwenyewe yamehifadhiwa. Nilipomsomea kurasa chache rafiki yangu mmoja, mwalimu wa lugha, alicheka. "Huyu Kiswahili kimemshinda," alisema. Nami, kwa aibu yangu, nikacheka naye.

Tulichomcheka ni nini hasa? Kifaransa kilichochanganyika humo? Sarufi isiyo ya Unguja? Watu wa Lubumbashi hupendana, hugombana na huzika wafu wao kwa lugha hiyo. Tunajigamba mikutanoni kwamba Kiswahili kimeenea hadi Kongo, halafu Mkongo akikifungua kinywa tunamziba.

Ukimya wake nao tunaupamba kupita kiasi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hajulikani aliko, na wapo wanaolisimulia jambo hilo kama ngano tamu ya msanii aliyetoweka. Kutoweka kwa mtu si pambo la kazi yake.

Ukimya ninaoustahi mimi umo ndani ya picha zenyewe. Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na mji wake, naye akiwa bado mtoto. Katika picha ya kifo hicho, Lumumba amelala chini, na nyuma yake imesimama misalaba mitatu. Nani aliyepita kwenye shule ya misheni asingeisoma? Mobutu alikuwa amemtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka 1966, kwa hiyo kumchora hakukuwa kosa. Ugumu ulikuwa katika yale mengine, na huko ndiko mchoraji alikochagua la kutamka na la kuiachia misalaba.

Juzi nimempelekea yule mwalimu kurasa zote, na nakala ya picha hiyo. Bado hajanijibu. Ijumaa nitapita kwake.