Siga Mbaya Haitengenezwi na Miaka

Dai lililoota mizizi kuliko yote ni kwamba siga, ile biri nene ya majani matupu inayosokotwa kwa mkono, hunoga kadiri inavyokaa. Wauzaji hulipenda, maana huwaruhusu kupandisha bei ya kitu kilicholala tu kabatini. Nalo lina chembe ya ukweli, ndiyo sababu halifi.

Ukweli wenyewe ni huu. Jani la tumbaku likishakaushwa kwa hewa bandani, huvundikwa katika malundo makubwa. Joto hupanda ndani ya lundo lenyewe bila moto wowote, amonia hutoka, ukali hupungua na rangi hukolea. Kazi hiyo haiishi siku siga inaposokotwa. Majani hurudishiwa unyevu ili yasipasuke mikononi mwa msokotaji, na unyevu huo huamsha tena uchachu polepole. Ndiyo maana siga ya miezi michache mara nyingi hukwaruza koo na kunuka amonia. Ukiiacha mwaka mmoja au miwili, harufu hiyo hupotea na majani ya mashamba mbalimbali yaliyomo ndani hupatana ladha. Mpaka hapo wanaosifu ukale wana haki.

Baada ya hapo, kila kitu hutegemea jani. Wakuba huyagawa majani ya ndani kwa kimo chake kwenye mmea: volado ya chini, nyepesi, inayosaidia siga kuwaka, seco ya katikati, yenye harufu, na ligero ya juu, iliyopigwa jua hadi ikawa nene na yenye mafuta. Ligero peke yake hulazwa angalau miaka miwili hata kabla ya kusokotwa. Siga iliyoshiba ligero, kama nyingi za Bolívar na Partagás, ina akiba ya nguvu. Miaka mitano au kumi huigeuza: pilipili hurudi nyuma, na ladha za mbao, ngozi na matunda makavu hujitokeza. Lakini siga nyepesi, iliyovikwa jani la Connecticut lililokuzwa kivulini, haina akiba hiyo. Mafuta yanayobeba harufu yake huyeyukia hewani mwaka baada ya mwaka, na anayeifungua baada ya miaka kumi hukuta moshi laini usio na ladha ya kukumbukwa. Hakuitunza, aliichelewesha.

Na kuna kasoro ambazo muda hauzigusi kabisa. Siga iliyokazwa mno isipitishe moshi itakuwa hivyo hivyo mwaka 2040. Jani lililovundikwa kwa haraka ili liwahi soko, nalo litabaki na uchungu wake. Ushauri wangu kwa anayenunua sanduku zima ni avute moja mapema, kisha moja kila mwaka, na aandike alichokionja. Siku ladha itakapoacha kupanda, sanduku hilo limefika. Kulisubirisha zaidi ni hasara.

Dai la pili linawaumiza hasa watu wa pwani yetu. Kila mwongozo huimba sabini kwa sabini: unyevu wa asilimia 70 na joto la nyuzi 70 za Farenhaiti, yaani takriban 21 za Selsiasi. Watu huusoma wimbo huo kama amri ya kumwagilia. Unaeleweka katika nyumba za Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako vipasha joto vya majira ya baridi hukausha hewa mpaka midomo ikapasuka. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anaishi katika hewa ambayo kwa siku nyingi imeshapita asilimia 70 yenyewe. Akiweka sifongo la maji ndani ya sanduku lake la mwerezi, siga huvimba, hukataa kuwaka sawasawa, na hatimaye huota koga. Anachohitaji ni sanduku lisilopitisha hewa, kipima unyevu cha kuaminika, pakiti za kudhibiti unyevu zilizowekwa kwenye 65 au chini kidogo, na juu ya yote, ubaridi.

Nasema ubaridi kwa sababu adui mkubwa ni mdudu. Lasioderma serricorne, fukusi wa tumbaku, hutaga mayai madogo mno ndani ya majani, na joto likipanda kupita nyuzi 24 hivi za Selsiasi mayai hayo huwa katika hatari ya kuanguliwa. Mabuu hutoboa siga kutoka ndani, na unaanza kuona vitundu vya mviringo wakati sanduku zima limeshaharibika. Mwenye duka la viungo anamfahamu hata kama hajui jina lake, kwa kuwa huyo huyo hula pilipili kavu na tangawizi. Dawa ni kuzifunga siga vizuri ndani ya mfuko, kuziweka kwenye friza siku kadhaa, kisha kuzihamishia kwenye sehemu ya kawaida ya jokofu kwa siku nzima kabla ya kuzitoa. Ukizitoa kwa ghafla, jani la nje hupasuka.

Wapo pia wanaoonyesha unga mweupe juu ya siga kuukuu na kuuita alama ya uzee mtukufu, mafuta yaliyogeuka chembechembe. Karibu kila mara ni koga. Ukiona madoa yenye vinyweleo, yaliyokusanyika mahali pamoja au kuingia kwenye ncha ya kuwashia, usiendelee kubishana, tenga siga hiyo na zenzake.

Kuhusu rangi, husemwa kwamba jani jeusi ni kali na jani la kahawia hafifu ni laini. Jicho linadanganywa hapa. Weusi wa maduro, kama jani hilo jeusi linavyoitwa, hutokana na kuvundikwa kwa muda mrefu na kwa joto kubwa zaidi, jambo ambalo huzidisha utamu. Jani nene la San Andrés, Meksiko, au lile pana la Connecticut, linaweza kuwa jeusi kama kahawa na siga ikawa tulivu. Nguvu hukaa zaidi ndani, kwenye kiasi cha ligero, mahali ambapo mnunuzi haoni.

"Siga ya kweli ni ya Kuba tu." Udongo wa Vuelta Abajo, mkoani Pinar del Río, unastahili sifa zake zote, nami sina nia ya kuupunguzia. Rais Kennedy wa Marekani mwenyewe, kabla ya kutia saini vikwazo vya biashara dhidi ya Kuba mwezi Februari 1962, alimtuma msemaji wake, Pierre Salinger, amtafutie siga za Kuba, na Salinger akaja na 1,200. Lakini ujuzi ulikuwa umeshaanza kuvuka bahari. Baada ya viwanda kutaifishwa mwaka 1960, familia za wakulima na wasokotaji ziliondoka na ufundi wao. José Padrón alianza upya Miami mwaka 1964, kisha akahamishia kazi yake Nikaragua, na leo Estelí na Jalapa hutoa majani yanayosimama sawa na ya Havana. Afrika nayo imo: jani la nje la Kamerun, lenye vinundu vidogo na ladha ya utamu wa viungo, huvikwa siga za Arturo Fuente aina ya Hemingway. Tumbaku ya Tabora na Urambo ni jambo jingine, kwa sababu hukaushwa kwa joto la tanuri ili ibakize sukari, na safari yake ni ya kiwanda cha sigara.

Limebaki dai ambalo wapenzi wa siga hatupendi liguswe: kwamba moshi usiomezwa haudhuru. Moshi wa siga una asili ya alkali, hivyo nikotini hupenya moja kwa moja kwenye ngozi laini ya kinywa bila kufika mapafuni. Saratani za kinywa, koo na umio huwapata wavutaji wa siga wasiomeza moshi. Sigmund Freud, mvutaji wa siga, aligunduliwa kuwa na saratani ya kinywa mwaka 1923, akapasuliwa zaidi ya mara 30, na akafariki London mwaka 1939. Wapo wanaoamini kwamba kuvundikwa na kulazwa kwa miaka husafisha jani. Amonia hupungua, ndiyo, na koo hupata nafuu. Lakini nitrosamini, kemikali za tumbaku zinazosababisha saratani, hutengenezwa katika hatua hizo hizo za kukausha na kuvundika zinazolipa jani ladha yake, na zimo ndani ya siga kabla kiberiti hakijawashwa.