Aplikesheni au tovuti? Kinachogombewa ni mlango wa simu yako

Februari 2024, Apple ilisema watumiaji wa iPhone katika Umoja wa Ulaya wangepoteza kitu ambacho wengi hata hawajui kama wanacho: tovuti unazoweza kuziweka kwenye skrini ya mwanzo ya simu na zikafanya kazi kama aplikesheni.

Machi 1 kampuni ikabadili msimamo na tovuti hizo zikabaki. Lakini mvutano wenyewe haujaisha, na unamgusa kila mwenye simu janja.

Njia ni mbili

Anayetaka kukuletea huduma kwenye simu, iwe kuuza tiketi au kuagiza chakula, anaweza kutengeneza aplikesheni ya kupakua. Hapo mara nyingi anaandika kazi ileile mara mbili: Swift kwa iPhone, Kotlin kwa Android.

Au anatengeneza tovuti kwa HTML, CSS na JavaScript. Anaandika mara moja tu, inafunguka kwenye kivinjari cha simu yoyote, na akiiboresha huhitaji kupakua upya.

Kwa anayehesabu bando, tofauti siyo ndogo. Twitter ilipotoa Twitter Lite mwaka 2017, ilisema inachukua chini ya MB 1 kwenye simu.

Aplikesheni bado inashinda kwenye michezo mizito na kazi zinazohitaji kuingia ndani zaidi ya simu. Ila kwa huduma nyingi za kila siku, tovuti inatosha kabisa.

Hela iko wapi?

Anayeuza huduma ya kidijitali ndani ya aplikesheni ya iPhone amezoea kukatwa kamisheni inayofika asilimia 30. Akiuza kupitia tovuti yake, Apple haipati kitu.

Na Apple hiyohiyo ndiyo inayoamua tovuti iweze kufanya nini kwenye iPhone. Kwa miaka mingi imelazimisha kila kivinjari, hata Chrome, kitumie injini yake ya WebKit.

Matokeo yake yanaonekana. Chrome ya Android iliruhusu tovuti kutuma arifa mwaka 2015. iPhone ikaruhusu Machi 2023, miaka minane baadaye.

Sheria mpya ya Ulaya, iliyoanza kuzibana kampuni kubwa Machi 7, 2024, ilitaka injini nyingine ziruhusiwe. Apple ikajibu kuwa hilo lingeleta hatari ya kiusalama kwa tovuti hizo, na kwamba wanaozitumia ni wachache. Watengenezaji wakapinga vikali. Mwishowe tovuti zikaachwa, lakini wakati huo zikabaki zikitegemea WebKit.

Ajabu ni kwamba Juni 2007 Steve Jobs mwenyewe aliwaambia watengenezaji watumie tovuti kuleta huduma kwenye iPhone. App Store ilifunguliwa Julai 2008.

Na huku kwetu?

Afrika Mashariki simu nyingi ni za Android. Google nayo ina duka lake na inakata kamisheni, lakini mapato yake makubwa yanatoka kwenye matangazo, mengi yakiwa mtandaoni. Kwa hiyo ina sababu ya kutaka tovuti ziwe na nguvu.

Ndiyo maana kijana anayeanza biashara hapa anaweza kumfikia mteja kwa kumtumia linki tu, bila kupita dukani. Uhuru huo upo kwa sababu kwa sasa unamfaa pia mwenye mlango.