Kovu la Baba Mkubwa

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Myamba. Baba mkubwa aliporudi shambani na kiroba cha tangawizi, mpwa wangu wa miaka minne alijificha nyuma yangu. "Babu huyu mbaya. Ana alama kama yule simba."

Kovu hilo alilipata ujanani, panga lilipomponyoka akifyeka shamba lililotusomesha karibu ukoo mzima.

Msiniambie katuni ni mchezo tu. Katika The Lion King ya mwaka 1994, mwovu anaitwa Scar, yaani Kovu: jeraha lake ndilo jina lake. Shujaa kapewa neno letu zuri, Simba. Fisi kapewa Shenzi, tusi lile lile walilotutukana nalo wakoloni. Hakuna anayemwambia mtoto kwamba mwenye sura yenye jeraha ana roho mbaya. Anaonyeshwa tu, kila siku, nasi tunashukuru kwamba ametulia.

Wapo watakaosema tuzime simu. Nakataa. Ubongo wa Dar es Salaam wametengeneza Akili and Me, ambayo shujaa wake ni binti wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro, mkoani kwetu. Katuni za namna hiyo tuzidai ziwe nyingi. Lakini hata hizo hazitamweleza mtoto kovu la babu yake. Hiyo ni kazi yetu.

Jioni ile nilimwomba baba mkubwa amsimulie habari za lile panga. Alipomaliza, mtoto alisogea, akaligusa kovu kwa kidole.

"Bado linauma?"