Cheti cha Kijani Kifike Mpaka Landhies

Wasee, leo tuongee keja. Siongei rangi ya ukuta wala sofa. Naongea ile kitu hukula doh yako polepole hata baada ya kulipa kodi ya nyumba: tokeni na maji.

Kuna cheti kinaitwa EDGE. Kilianzishwa na IFC, ule mkono wa Benki ya Dunia unaoshughulika na kampuni za kibinafsi. Masharti yake si magumu kuelewa. Jengo jipya lazima liokoe angalau asilimia 20 likilinganishwa na jengo la kawaida la eneo hilo, kwa vitu vitatu: stima, maji, na vifaa vya ujenzi kama simiti na chuma. Na ni 20 kwa kila moja. Huwezi kuokoa stima sana halafu kwa maji ujifanye hujaona.

Mtaani ukitaja hiyo kitu utaambiwa, "Hizo ni story za Kilimani." Mimi nakataa. Nasema hivi: kama kuna mahali cheti kama hiki kina kazi, ni Eastlands. Muthurwa, Shauri Moyo, Makongeni, Kaloleni. Tena kabla msingi haujachimbwa.

Niliacha chuo mwaka wa pili, so sina digrii ya ujenzi. Lakini hesabu ya tokeni hakuna haja ya lekchara. Chukua ile shawa ya umeme inayochemsha maji papo hapo. Nyingi zinakula karibu wati 5,500. Ukioga dakika kumi, umemaliza kama uniti 0.9. Mtu mmoja, kila siku, mwezi mzima, hiyo ni kama uniti 27. Sasa kumbuka bei ya stima ya nyumbani imepangwa kwa ngazi, na tangu Aprili 2023 ile ngazi ya bei nafuu ni ya wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi. Yaani umeoga tu, peke yako, na tayari uko mlangoni mwa ngazi ya juu. Bado hujawasha taa, hujachaji simu, hujapiga nguo pasi. Na kama mko wanne kwa hiyo nyumba?

Nani alichagua hiyo shawa? Si wewe. Ni landlodi, kwa sababu ilikuwa rahisi kununua kuliko kuweka mtambo wa kuchemsha maji kwa jua pale juu ya paa. Yeye aliokoa mara moja. Wewe unalipa kila mwezi mpaka uhame, halafu anayekuja nyuma yako anaendelea kulipa. Hapo ndipo shida yote iko: anayenunua vifaa siye anayelipa bili. Cheti, kikifanya kazi yake, kinamfanya mwenye kujenga afikirie bili ambayo hatawahi kuiona.

Maji ni vilevile. Choo cha zamani kinamwaga kama lita 9 kwa mara moja. Hiyo ni karibu nusu ya mtungi wa lita 20. Na sote tunajua wiki ya mgao mtungi unauzwaje mtaani. Choo chenye vitufe viwili kinatumia kama lita 6 au 3, wewe unachagua kulingana na kazi uliyofanya. Hiyo si anasa. Anasa ni kumwaga nusu mtungi juu ya mkojo.

Najua kuna mtu anasema, "Sawa, lakini wataongeza kodi." Swali zuri. Kuna vitu vinagharimu kweli, kama mitambo ya jua. Lakini vingi ni akili ya mapema tu. Dirisha liangalie wapi. Upepo uingie huku utokee kule. Paa lipakwe rangi nyeupe ili lirudishe joto. Kivuli kiwe juu ya dirisha linalopigwa na jua la saa tisa. Vikiwa kwenye mchoro, gharama yake ni ndogo sana. Ukuta ukishapigwa plasta, umechelewa: utanunua feni.

Na pesa za kijani zipo. Mwaka wa 2019 kampuni ya Acorn ilikopa shilingi bilioni 4.3 kwa bondi ya kijani, ya kwanza Kenya, kujenga hosteli za wanafunzi. Januari 2020 bondi hiyo ikaorodheshwa soko la hisa la Nairobi na la London pia. Hosteli zake ni zile za Qwetu na Qejani, na Qwetu moja iko hapa tu Jogoo Road. Kwa hivyo mtu asituambie mambo haya hayavuki Haile Selassie. Yalishavuka. Yalipita Muthurwa bila kusimama.

Sasa tuje Muthurwa yenyewe. Hizi ni nyumba za wafanyakazi wa reli, vyumba vya mistari, mali ya mfuko wa pensheni wa reli. Mwaka wa 2010 ubomoaji ulipoanza, wapangaji walienda kortini. Mwaka wa 2013 Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu akaamua kwamba haki zao zilivunjwa, haki ya makazi na ya heshima zikiwemo. Naikumbusha hii kesi kwa sababu cheti cha kijani hakina kisanduku cha kuuliza: aliyekuwa anaishi hapa ameenda wapi? Familia ya chumba kimoja, balbu moja na mitungi miwili, inatumia kidogo kuliko ghorofa lolote lenye cheti. Ukiifukuza ujenge mnara unaookoa asilimia 20, umeokoa nini hasa?

Kwa hivyo mimi nataka vyote viwili. Nataka nyumba mpya za Eastlands ziwe na cheti, na nataka watu wa Eastlands ndio waingie ndani. Tuna haki ya kudai. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5. Hizo nyumba ni jasho letu. Basi kila ghorofa litakalojengwa kwa hiyo pesa, cheti chake kibandikwe mlangoni kama leseni ya kiosk.

Na wewe unayetafuta keja, kabla ya kutoa depositi, uliza. Maji ya moto yanachemshwa na nini? Choo ni cha lita ngapi? Mita ya maji ni yangu ama ni ya ploti nzima? Ukiona bango limeandikwa "jengo la kijani", uliza kama cheti ni kile cha awali, kinachotolewa kwa mchoro, ama ni cha mwisho, kinachotolewa jengo likishakaguliwa. Landlodi akicheka, wewe usicheke. Yeye hanunui tokeni zako.